Msimu wa mwisho wa Magharibi ya SEC: majibu yangu kwa wasomaji

Barua za Agosti huwa mchanganyiko, lakini mwaka huu wa 2023 karibu zote zinauliza jambo moja: divisheni ya Magharibi ya SEC, timu saba za futiboli ya Kimarekani za vyuo vikuu vya Kusini mwa Marekani, itakuwaje? Naielewa pupa yenu. LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, wanaingia uwanjani Septemba 3, na huu ndio msimu wa mwisho wa divisheni yenyewe. Mwakani haipo tena. Nimechagua barua chache zilizobeba maswali ya wengi.

Shikamoo Mama. Nimehamia Huntsville mwaka jana, na kiwandani kwetu watu wazima wanagombana kuhusu "Magharibi" tangu Julai. Divisheni ni kitu gani, na kwa nini inafutwa?
*Kijana wa kiwandani, Huntsville*

Marahaba, mwanangu. Mimi niliulizwa siku yangu ya pili kazini hapa Birmingham, mwaka 2010, kabla sijajua hata kabati langu liko wapi: "Auburn au Alabama?" Nilidhani naulizwa ninaishi wapi, kumbe naulizwa nashabikia timu ya chuo kipi.

Futiboli ya vyuo huchezwa ndani ya konferensi, yaani umoja wa vyuo vinavyopangiana mechi kila mwaka. SEC, konferensi ya Kusini-Mashariki, ilikuwa na vyuo kumi kwa miaka mingi, kisha wakaongezwa Arkansas na South Carolina. Kamishna wa wakati ule, Roy Kramer, akaishika kanuni moja ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliyosema kwamba konferensi yenye timu 12, ikigawanywa mafungu mawili, inaweza kucheza fainali yake yenyewe. Konferensi kubwa zote zilikuwa hazijathubutu. Mwaka 1992 SEC ikajigawa Mashariki na Magharibi, na fainali ya kwanza ikachezwa papa hapa Birmingham, uwanja wa Legion Field. Alabama wakaifunga Florida 28-21, baada ya Antonio Langham kuinasa pasi ya wapinzani na kukimbia nayo mpaka ndani ya mstari wa mwisho, kunakofungwa pointi. Tangu 1994 fainali iko Atlanta, ndiyo maana utasikia watu wakisema "kwenda Atlanta" bila kuongeza neno.

Magharibi walipangwa Alabama, Auburn, Arkansas, LSU, Mississippi State na Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi. Texas A&M waliingia 2012. Ukitazama ramani utakuta Auburn iko mashariki zaidi kuliko Vanderbilt ya Nashville, ilhali Vanderbilt ndiyo iko Mashariki. Yaache hivyo hivyo, sisi tumeshazoea.

Inafutwa kwa sababu Texas na Oklahoma wanaingia mwakani. Juni 1 konferensi ilitangaza kwamba kuanzia 2024 timu zote 16 zitakuwa kwenye jedwali moja, na mbili za juu ndizo zitakazokwenda Atlanta. Mimi linaniuma, sitaficha. Ndani ya divisheni kila timu hukutana na wenzake wote sita kila mwaka, halafu inaongezewa mechi mbili tu za upande wa Mashariki. Ukishika nafasi ya kwanza Magharibi, umewapiga au umepigwa na kila mmoja wa majirani zako, na hakuna anayeweza kusema ulipewa ratiba laini. Na fungu hili si la mchezo. Kuanzia 2009 hadi 2022 bingwa wa SEC ametoka Magharibi mara 12 katika miaka 14. Ni 2017 na 2022 tu ambapo Georgia waliwanyang'anya. Msimu wa 2011 fainali ya taifa zima ilikuwa LSU na Alabama, majirani wa divisheni moja.

Dada, utabiri wako unaufanyaje? Wenzangu wa barabarani wanaangalia orodha za usajili tu: nani kapata vijana wenye nyota nyingi, basi huyo ndiye bingwa.
*Dereva wa lori, apitaye Mississippi kila wiki*

Nilifundishwa na mzee mmoja katika nyumba ya wazee ninayofanya kazi. Alikuwa amefanya kazi ya tanuri la chuma maisha yake yote, mikono yake mikubwa, penseli ikipotea ndani ya vidole. Kila Agosti aliniomba nimletee kadi ya menyu ya mchana, ile ngumu isiyojikunja, akaigeuza upande mweupe. Akapiga mistari kwa ukingo wa kisanduku cha miwani yake: timu saba kwenda chini, timu saba kwenda kando. Miraba ya ulalo aliipaka yote nyeusi, kwa kuwa timu haichezi na nafsi yake. Ilibaki miraba 42, mechi 21, kila moja ikionekana mara mbili. Timu ikiwa nyumbani aliweka nukta, ikiwa ugenini aliweka msalaba.

Halafu kwa kila mraba aliuliza mambo matatu, na hakuyabadilisha miaka yote niliyomhudumia. Nani anarusha mpira? Nani anamfuata mwenzake kwao? Na mechi hii inakuja baada ya nini? Orodha za usajili alizisoma mwisho, wakati wa kunywa dawa za jioni, kama mtu asomavyo matangazo.

Kwa nini namwamini? Mwaka jana waandishi wa habari za SEC waliwapanga LSU wa tano katika Magharibi kabla ya msimu. LSU wakaenda Atlanta. Mwaka 2013 Auburn nao walipangwa wa tano, baada ya kupoteza mechi zao zote nane za konferensi mwaka uliotangulia, na wao wakaenda Atlanta.

Na angalia mwaka jana ulivyoamuliwa. LSU na Alabama wote walimaliza 6-2 ndani ya SEC, yaani ushindi sita na vichapo viwili. Wakilingana, huangaliwa mechi waliyokutana wao kwa wao. Mechi hiyo ilichezwa Baton Rouge, nyumbani kwa LSU, Novemba 5. Dakika 60 ziliisha 24-24. Katika muda wa nyongeza Alabama walifunga kwanza, 31-24. LSU walipopewa zamu, jaribio la kwanza tu, mrushaji wao Jayden Daniels akakimbia yadi 25 mpaka ndani: 31-30. Mkwaju mdogo wa pointi moja ungesawazisha na mechi ingeendelea. Kocha Brian Kelly akakataa mkwaju. Akataka pointi mbili kwa jaribio moja la yadi tatu. Daniels akamrushia Mason Taylor, kijana wa mwaka wa kwanza, naye akajinyoosha na mpira mpaka ndani ya mstari. 32-31. Mraba mmoja kwenye kadi, yadi tatu, na Alabama wakaikosa Atlanta.

Mzee alifariki Februari. Kadi ya mwaka huu nimeichora mwenyewe, kwa kisanduku kile kile cha miwani. Binti yake alinipa.

Mama, usituzungushe. Alabama au LSU? Taja mmoja.
*Baba wa watoto watatu, Mobile*

LSU.

Sasa niruhusu nieleze, kwa sababu najua Mobile, jimbo la Alabama, ni upande gani.

Anza na anayerusha mpira. Alabama wamempoteza Bryce Young, kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa mpira, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, mwezi Aprili, na Will Anderson, mlinzi hatari kuliko wote nchini, aliyechaguliwa wa tatu. Nafasi ya Young inagombewa na watatu: Jalen Milroe, Ty Simpson, na Tyler Buchner aliyehamia kutoka Notre Dame, akimfuata kocha mpya wa mashambulizi, Tommy Rees, aliyetoka huko huko. Tumemwona Milroe akianza mechi moja kubwa, dhidi ya Texas A&M mwaka jana, Young alipokuwa na bega bovu. Alirusha tachidauni tatu, yaani pasi tatu zilizofika ndani ya mstari wa mwisho. Miguu yake ni ya swala. Lakini mpira ulimtoka mikononi zaidi ya mara moja, na Alabama waliponea mchezo wa mwisho kabisa, 24-20, A&M wakiwa yadi mbili tu kutoka mstarini. Kocha akiingia Agosti na watu watatu katika nafasi ile, bado hajampata wa kwanza. Hata kama kocha ni Nick Saban, ambaye tangu 2008 hajawahi kumaliza msimu na ushindi chini ya 10.

LSU hawana swali hilo. Daniels amerudi. Mwaka jana alikimbia yadi 885, idadi ambayo wakimbiaji wengi halisi wangeifurahia, na mpokeaji wake Malik Nabers, aliyevuka yadi 1,000, naye yupo. Upande wa kuzuia wana Harold Perkins, aliyewabomoa Arkansas mwaka jana akiwa mtoto wa mwaka wa kwanza. Mechi ile ilikwisha 13-10 na kwa macho yangu yeye peke yake ndiye aliyeishinda.

Nani anamfuata nani? Hapa ndipo moyo wangu unasita. Novemba 4 LSU wanakwenda Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, na kabla ya hapo wanasafiri mno. Kati ya mechi zao nne za kwanza za SEC, tatu ni ugenini: Starkville kwa Mississippi State Septemba 16, Oxford kwa Ole Miss Septemba 30, kisha Missouri Oktoba 7. Wakipita hapo na kichapo kimoja au bila kichapo, jiandaeni. Alabama wanawapokea Ole Miss, Arkansas, Tennessee na LSU nyumbani. Safari yao ngumu ni College Station kwa Texas A&M, Oktoba 7, walikochapwa 41-38 mwaka 2021.

Swali la tatu, mechi inakuja baada ya nini, halimsaidii yeyote. Wote wawili wanapumzika wiki moja kabla ya Novemba 4. Mzee angeweka duara kwenye mraba kama huo, maana yake: hapa hakuna visingizio.

Nimeandika LSU 7-1, Alabama 6-2. Usiku wa Septemba 9, Alabama wakicheza na Texas pale Tuscaloosa, utajua kama kwotabeki wao amepatikana. Mechi hiyo haihesabiki ndani ya divisheni, ila itazame kwa makini kuliko zote za mwezi huo. LSU nao watapimwa na Florida State kule Orlando. Mwaka jana Florida State waliwafunga 24-23 kwa mkwaju wa pointi moja uliozuiwa muda ukiwa umekwisha. Na kumbuka kwamba mchujo wa ubingwa wa taifa bado ni wa timu nne mpaka mwakani utakapokuwa wa 12. Hakuna timu iliyowahi kuingia katika wale wanne ikiwa na vichapo viwili. Kila mraba una bei.

Shangazi, sisi wa Texas A&M tunadharauliwa. Usajili wetu wa 2022 ulikuwa wa kwanza nchini. Vipaji tunavyo. Mbona unatuweka wa tatu kila mwaka?
*Mpwa wako, Houston*

Mpwa wangu, mwaka jana nisingekuweka hata wa tatu. Mlimaliza 5-7, na Appalachian State walikuja uwanjani kwenu Septemba wakaondoka na ushindi wa 17-14. Wengine katika vijana wale wa usajili wameshahama. Nyota huhesabiwa siku kijana anapotia saini. Novemba hakuna anayezihesabu.

Lakini mwaka huu naona sababu mbili za kukusikiliza. Ya kwanza ni Conner Weigman. Alipopewa mechi yake ya kwanza ya kuanza, dhidi ya Ole Miss, akiwa mwaka wa kwanza, alirusha tachidauni nne. Mlipoteza 31-28, lakini mtoto hakutetemeka. Na msimu mliumaliza kwa kuwapiga LSU 38-23, LSU ambao walikuwa tayari na tiketi ya Atlanta mfukoni. Ya pili ni Bobby Petrino, kocha mpya wa mashambulizi. Huyu anaijua divisheni. Aliwafundisha Arkansas kuanzia 2008 hadi 2011 na mwaka wa mwisho akawapa ushindi wa mechi 11. Ninachotaka kuona ni kama kocha mkuu, Jimbo Fisher, atamwachia kweli karatasi ya michezo siku ya mechi. Jikoni wapishi wawili wakishika mwiko mmoja, chakula huungua.

Kadi inawapa Alabama na Auburn nyumbani, Arkansas katika uwanja wa kati kule Arlington. Ila baada ya Alabama, wiki moja tu mbele, mnapanda Knoxville kwa Tennessee. Na mnafunga msimu Baton Rouge. Nafasi ya tatu, na nimeiandika kwa mkono mzito kuliko mwaka jana.

Ni kweli saa itaenda mbio zaidi mwaka huu?
*Msomaji, Memphis*

Kweli. Zamani saa ilisimama kila timu ilipopata yadi kumi mpya. Sasa itaendelea kutembea, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Michezo itapungua kidogo katika kila mechi, kwa hiyo timu ikiachwa nyuma kwa pointi 10 robo ya mwisho isingoje.

Dada mpendwa, mimi ni shabiki wa Ole Miss tangu nilipofika Oxford kusoma. Timu yangu haijawahi kwenda Atlanta hata mara moja. Mwaka huu ni mwaka wa mwisho. Niambie ukweli.
*Mkutubi, Mississippi*

Ukweli kwanza: sidhani.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mzee wangu alikuwa na hadithi moja tu ya Ole Miss na aliisimulia kila Agosti. Mwaka 2003, Novemba, LSU walikuja Oxford. Kwotabeki wa Ole Miss alikuwa Eli Manning. Aliyeshinda siku ile angekuwa na njia nyeupe kuelekea Atlanta. LSU wakiongoza 17-14, Ole Miss wana mpira, jaribio la nne na la mwisho, yadi kumi zinahitajika. Manning anarudi nyuma kurusha, na mlinzi wake mwenyewe, aliyewekwa pale kumkinga, anamkanyaga mguu. Akaanguka. Hakuna mpinzani aliyemgusa. Timu zote mbili zilimaliza 7-1 katika konferensi, na LSU wakaenda kwa sababu ya mraba ule. Wakatwaa na ubingwa wa taifa. Mzee hakuwa mtu wa Ole Miss, lakini akifika hapo aliweka penseli chini.

Katika wale saba, ni ninyi na Texas A&M tu hamjafika. Arkansas wamefika mara tatu, 1995, 2002 na 2006. Mississippi State, majirani zenu msiopatana nao, walifika 1998. Najua hilo linakukera kuliko mengine yote.

Mnacho kitu kizuri mwaka huu: Quinshon Judkins, aliyekimbia yadi 1,567 akiwa mwaka wa kwanza. Kijana yule hukimbia akiwa ameinama, goti linapanda juu, na mtu wa kwanza hamwangushi. Kocha Lane Kiffin amekusanya warushaji watatu. Jaxson Dart yupo, Spencer Sanders ametoka Oklahoma State, Walker Howard ametoka LSU. Sijui kama hiyo ni hazina au ni kelele. Kwangu mimi Dart ndiye wa kuachiwa timu ili atulie. Kinachonifanya nikuandikie nafasi ya nne ni misalaba. Tuscaloosa ugenini, Auburn ugenini, Starkville ugenini, na upande wa Mashariki mmepangiwa Georgia, mabingwa wa taifa mara mbili mfululizo, kwao. LSU na Texas A&M wanakuja Oxford. Mkiwafunga hao wawili, nitakuandikia barua mimi.

Kila mwaka mnaandika kuhusu wakubwa tu. Arkansas? Auburn? Mississippi State? Au sisi tunakaa mwezini?
*Msomaji mwenye hasira, Fayetteville*

Hasira yako ina haki. Nianze na kwenu. KJ Jefferson ni kwotabeki mwenye mwili wa mbeba mizigo, na Raheim Sanders alikimbia yadi 1,443 mwaka jana. Wawili hao peke yao wangenitosha kuwaweka Arkansas wa tatu. Lakini nilipofika kwenye safu yenu ya kadi nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Septemba 23 Baton Rouge. Septemba 30 Arlington. Oktoba 7 Oxford. Oktoba 14 Tuscaloosa. Majuma manne mfululizo nje ya jimbo lenu, yote ndani ya divisheni, bila wiki ya kupumzika katikati. Vijana wa miaka 19 na 20, wenye masomo, wakilala hotelini Ijumaa nne. Sijui nani aliipanga ratiba ile akaiona sawa. Mkitoka na ushindi mmoja hapo, msimu bado mzima. Wa tano.

Auburn wana kocha mpya, Hugh Freeze, ambaye akiwa Ole Miss aliwafunga Alabama ya Saban miaka miwili mfululizo, 2014 na 2015. Payton Thorne amekuja kutoka Michigan State kurusha mpira. Mwaka jana walikuwa 5-7 na ukuta wao wa mbele ulivuja. Nawaweka wa sita, na nawaogopa siku moja tu: Novemba 25, Alabama wakija kwao.

Naogopa kwa sababu ya Novemba 30, 2013. Nilikuwa zamu. Sebule ya wazee wetu ilikuwa imegawanyika katikati, wa Alabama kushoto karibu na dirisha, wa Auburn kulia karibu na mlango. 28-28. Waamuzi walirudisha sekunde moja kwenye saa, na Alabama wakataka kupiga mkwaju wa yadi 57. Mpira haukufika golini. Chris Davis wa Auburn alikuwa amesimama nyuma kabisa, akaudaka, akaanza kukimbia. Bibi mmoja wa upande wa Auburn alikuwa amefumba macho asione mkwaju. Alipofumbua, Davis alishavuka katikati ya uwanja na kando yake hapana mtu. Yule bibi hakupiga kelele. Alinishika mkono, akauminya mpaka pete yangu ikaniumiza, hakuuachia mpaka Davis alipofika. 34-28. Upande wa dirishani palikuwa kimya, fimbo ya mtu ikaanguka sakafuni na wote tukaisikia. Mzee wangu, aliyekuwa wa Alabama, alikaa kidogo, akaniomba kadi yake, akaujaza mraba ule sawasawa kama mingine.

Mississippi State. Hawa nawaandikia kwa heshima. Kocha wao Mike Leach alifariki Desemba 12 mwaka jana, msimu ukiwa haujaisha, na majuma matatu baadaye vijana wale waliingia uwanjani chini ya Zach Arnett, wakawafunga Illinois 19-10 na kumaliza 9-4. Arnett ndiye kocha mkuu sasa. Will Rogers bado yupo. Hakuna kwotabeki katika historia ya SEC aliyekamilisha pasi nyingi kuliko yeye. Shida ni kwamba pasi zote zile alizirusha katika mtindo wa Leach, mpira juu juu kila mara, na kocha mpya wa mashambulizi anataka kukimbia zaidi. Ni kumwambia fundi cherehani wa miaka mingi ashone kwa mkono wa kushoto. Waandishi wamewapanga wa saba na mimi sina ubishi nao, ila LSU na Alabama wote wanakuja Starkville Septemba, na kengele za ng'ombe wanazopiga mashabiki wa pale humchanganya mgeni kweli kweli.

Shikamoo Dada. Mwanangu wa kwanza anaanza LSU mwezi huu. Nataka nimtembelee na kumwona akiwa na wenzake uwanjani, lakini nina uwezo wa safari moja tu. Niende mechi ipi ya divisheni?
*Mama mzazi, Dallas*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kijana.

Zipo tatu nyumbani: Arkansas Septemba 23, Auburn Oktoba 14, Texas A&M Novemba 25. Ya Arkansas ni mapema mno, kijana atakuwa hata njia za chuo hajazizoea. Ya Texas A&M inaangukia wikiendi ya sikukuu ya Shukrani; wanafunzi wengi watakuwa makwao, na yeye atataka kuja kula kwako, si wewe uende kwake. Nenda ya Auburn. Saa ya mechi hutangazwa siku chache tu kabla kwa ajili ya televisheni, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege ya kurudi Jumamosi usiku. Kata ya Jumapili.

Uwanja unachukua watu 102,321, na wanafunzi hukaa pamoja. Fika masaa matatu kabla ya mechi, mkubaliane mtakutana geti gani, maana simu pale ndani hugoma. Na mwambie akuoneshe jengo la jiolojia. Oktoba 8, 1988, Auburn walikuwa wakiongoza 6-0, na zikiwa zimebaki dakika chini ya mbili Tommy Hodson akamrushia Eddie Fuller ndani ya mstari. LSU walishinda 7-6. Mashine ya kupima matetemeko ya ardhi ya chuo kile iliandika mtikisiko dakika hiyo hiyo.